Kiwanda Kikitangulia, Barabara Hupinda

Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, na sisi wa Bukirasazi, majirani zake, tunayo haki ya kuuliza viwanda vitasimama wapi na barabara zitapita wapi.

Katika eneo la Detroit, Marekani, kiwanda cha Ford cha Highland Park kilifunguliwa mwaka 1910. Barabara ya Davison, isiyokatwa na njia panda, ilikamilishwa mwaka 1942, katikati ya vita, wafanyakazi wa viwanda wakiwa wamekwisha kuijaza mitaa. Wahandisi waliizamisha chini ya usawa wa mitaa hiyo. Zilizoondolewa ni nyumba za watu.

Nairobi ilikuja kukutana na tatizo hilo hilo. Barabara ya kulipia ya kilomita 27, toka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kujengwa mwaka 2020 ikafunguliwa mwaka 2022. Kandokando ya barabara ya Mombasa viwanda na maghala vilikuwa vimekwisha kushika ardhi. Basi sehemu yake ikainuliwa juu ya nguzo, katikati ya barabara ya zamani. Mwenye gari hulipa na kupita juu. Kibarua wa Eneo la Viwanda aendaye kwa miguu hubaki chini, kwenye vumbi.

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba atanguliaye kushika ardhi humlazimisha mwenzake njia ya kupita. Hapana budi, basi, ukanda wa barabara za Gitega upimwe kabla ya hati za viwanja vya viwanda kutolewa. La sivyo, atakayehamishwa ni mkulima wa pembezoni, naye hana mhandisi wa kumsemea.