Wenye steshenari, futeni kumbukumbu zetu

Ndugu zangu wa Olasiti, siku hizi ukipeleka steshenari rasimu ya mkataba wa kuuziana kiwanja, kijana wa kaunta anaweza asihangaike kuichapa. Anaimwaga yote kwenye ChatGPT: majina ya muuzaji na mnunuzi, namba za NIDA, bei, mashahidi. Mkataba unatoka umenyooka, unalipia, unakwenda zako. Sina ugomvi na hilo. Mikataba yetu ya zamani ilijaa makosa hadi ya majina. Nauliza tu: ukishaondoka, nini kinabaki?

Programu hizi zenyewe huanza kila mazungumzo bila kujua lolote la jana. Mfumo ndio unaoandika pembeni mambo machache kukuhusu, kisha ukirudi unaisomea programu kabla haijakujibu. ChatGPT ilianza kujaribiwa hivyo Februari 2024, na Aprili 2025 ikaongezewa uwezo wa kurejea mazungumzo yaliyopita. Kwa mwongoza watalii mwenye simu yake, ni raha tupu: akishasema wageni wake hupenda ndege, harudii tena kila anapopanga safari ya Ziwa Manyara.

Akaunti ya steshenari, lakini, ni moja na wateja ni kijiji kizima. Programu haijui kuwa aliyeketi leo si yule wa jana, hivyo deni la vikoba la mama mmoja linaweza kuchungulia kwenye barua ya mwingine. Na kufuta mazungumzo peke yake hakutoshi. Kumbukumbu zilizohifadhiwa hukaa kando, kwenye mipangilio, na hufutwa hukohuko.

Wenye steshenari, nawaomba mzifute, kisha mzime kumbukumbu kwenye akaunti za kazi, au kazi za wateja mzifanyie kwenye mazungumzo ya muda, ambayo hayaingii kwenye kumbukumbu. Namba ya NIDA ijazeni wenyewe mwishoni, kabla ya kuchapisha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, ila kwa jirani naona ombi linatosha.

Nasi wateja tuulize pale pale kaunta, bila haya, kama kumbukumbu imezimwa. Wazazi mnaochangia simu na wanafunzi, nanyi futeni kumbukumbu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza usafi wa mitaro. Asiyejua mipangilio ilipo amwite mtoto wa sekondari. Atacheka kidogo, kisha atamwonyesha.