Noeli na shamba la jirani



Noeli ya mwaka jana tuliimba huku tukisikia silaha kwa mbali. Mwaka 2025 haujamaliza wiki moja, Masisi-centre ikaanguka mikononi mwa M23. Tarehe 27 Januari wakaingia Goma. Mwezi wa Februari makambi ya kandokando ya Goma, ambako ndugu zetu wengi wa Masisi walikuwa wamejibanza, yakafungwa. Watu wakashika njia ya kurudi, shitingi kichwani na mtoto mgongoni. Tarehe 19 Machi ikawa zamu ya Walikale-centre. Wakazi wakakimbilia msituni, na waasi walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, wengi walirudi na kukuta nyumba bila milango na jikoni bila sufuria.

Wakubwa nao wameandika karatasi nyingi. Washington mwezi wa Juni, Doha mwezi wa Julai, Doha tena mwezi wa Novemba. Tarehe 4 Desemba marais Tshisekedi na Kagame walitia saini tena Washington. Wiki haijaisha, M23 wakaingia Uvira. Sisemi karatasi hizo ni bure. Mtu aliyekimbia mara nne hawezi kudharau neno amani, hata likitamkwa mbali naye. Lakini nataka leo tuzungumze juu ya jambo ambalo halingoji Washington wala Doha.

Majuzi nilikutana na mama mmoja mzee aliyetoka kambini mwezi wa Februari. Nilimuuliza, kama tunavyoulizana sisi wakristo katika shida, kama bado anamwona Mungu. Akanijibu: "Mwanangu, Mungu simtafuti, tulikimbia naye. Mimi natafuta shamba langu. Nimelikuta na maharagwe ya mtu mwingine."

Jibu hilo lilinichoma, na nitawaambia kwa nini. Mimi pia nimelima shamba lisilo langu. Jirani yangu, ambaye hatuongei lugha moja ya kabila, alikimbia na watoto wake mwezi wa Januari. Shamba lake likabaki. Niliporudi na njaa, nilisema moyoni kwamba magugu hayana faida kwa mtu, nikapanda maharagwe. Nikavuna. Nikapanda tena. Mara ya pili sikujiambia tena kwamba ni shamba la jirani. Nilisema "shamba langu la kule chini". Ndivyo dhambi inavyoingia kwetu. Inaanza na njaa, ambayo si dhambi, na inaishia kwenye ulimi.

Na tunajua ulimi huo unafika wapi. Wazee wanakumbuka mwezi wa Machi 1993, pale sokoni Ntoto, katika Walikale, mauaji yalipoanza na kuenea mpaka Masisi. Wakati ule M23 haikuwepo. Walikuwepo majirani, mashamba, na swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Tangu hapo majeshi yamebadilisha majina, lakini swali lile bado liko. Vita vinaletwa na wakubwa na madini, ni kweli, na mlima wa Rubaya unatosha kutueleza. Hata hivyo, vikishafika kijijini, vinakuta kuni zimekauka tayari, na kuni hizo tumezikusanya sisi.

Sasa tuitazame Noeli. Tunapenda hori, nyota na wachungaji. Sisi watu wa milima ya Masisi tunawaelewa wale wachungaji kuliko watu wa mjini, kwa sababu tunajua maana ya kukesha na ng'ombe usiku ukiogopa wezi. Lakini Injili ya Mathayo haiishii horini. Mtoto anakimbizwa usiku kwenda Misri kwa sababu mwenye mamlaka anaua watoto. Halafu Herode anakufa, Yosefu anapata habari njema, anachukua familia anarudi. Mwisho mzuri? Hapana. Anasikia kwamba Uyahudi sasa uko chini ya mwana wa Herode, anaogopa, anageuza njia, anaenda kukaa Nazareti. Mkubwa mmoja amekufa, mwingine amekalia kiti, na mkimbizi bado hawezi kufika alikotaka. Ndugu zangu, hiyo ni habari ya Masisi na Walikale neno kwa neno. Huwezi kumwabudu mtoto huyo kanisani na kumfungia njia yule anayefanana naye.

Mwaka huu Kanisa lilitupatia mfano kutoka hapa hapa kwetu. Tarehe 15 Juni, huko Roma, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenyeheri. Alikuwa kijana wa Goma, akifanya kazi ya kukagua bidhaa. Walimletea pesa ili afumbe macho chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, wakamteka na kumuua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Hakuwa askofu wala mhubiri mkubwa. Alikataa tu kula kitu ambacho kingeumiza mtu asiyemjua.

Naona imani ya mwaka huu kwetu iko hapo, katika kukataa. Kukataa kumtaja jirani kwa kabila lake mbele ya mwenye bunduki, yeyote yule, wa upande wowote. Kukataa kuandikisha majina hewa pale msaada unapogawiwa. Kukataa kuita "langu" shamba la aliyekimbia.

Najua mtaniambia: na aliyechukua shamba langu mimi, nani atamwambia? Mna haki. Mimi pia nina kipande upande wa pili wa mto ambacho sijui nani analima. Maaskofu na wachungaji wa Kanisa la Kristo katika Kongo wametembea mwaka huu, wamekutana na serikali, wamefika hata Goma kuongea na M23, wakitafuta mapatano. Tunawashukuru. Ila parokia na makanisa yetu ya kijiji yana kazi yao pia: kukalisha wazee wa pande zote, kukumbuka mipaka ya mashamba kabla wanaoikumbuka hawajafa, na kuiandika. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, na watu wasioogopa kusema ukweli juu ya shamba la mtu asiye wa kabila lao.

Kwa upande wangu, nimetuma habari kwa jirani yangu. Nimemwambia shamba lake nimelilima, kwamba sehemu ya maharagwe ya mavuno haya nimemwekea, na kwamba siku atakayorudi, mpaka uko palepale, kwenye ule mti wa mwiba. Bado hajanijibu. Labda hana simu, labda haniamini. Nikiwa mahali pake, mimi pia ningesita.

Noeli njema kwenu wote, na Mungu atuvushe salama tuuone mwaka 2026.