Falsafa: thamani ya chuo ni mwalimu

Kijana wa Koboko au Arua, nchini Uganda, anayetaka kusomea falsafa hulazimika kutazama mbali. Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali na kilichoko Arua, kimeegemea sayansi na teknolojia. Makerere, yenye idara ya falsafa, iko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Juu ya karo kuna nauli, chumba na chakula. Hata hivyo, tunawasihi wazazi wasichague chuo kwa unafuu wa karo wala ukubwa wa jina. Falsafa haihitaji maabara. Inahitaji mwalimu anayesoma insha mstari kwa mstari na kumtaka mwanafunzi aitetee hoja yake. Hata mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alijenga falsafa ya wahenga kwa kuketi na wazee na kuwahoji. Kabla ya kulipa, mzazi aulize: semina ina wanafunzi wangapi, na insha husahihishwa na nani?

Wapo wanaosema shahada hii haina ajira. Hofu hiyo ni ya haki kwa familia inayolipa karo kwa mauzo ya tumbaku. Lakini dawa yake ni kutafuta chuo kinachoruhusu falsafa isomwe pamoja na somo jingine, kama uchumi au lugha, si kumnyima kijana ujuzi wa kupima hoja, ambao mahakama, magazeti na mabaraza yetu ya wilaya yanauhitaji mno.