Mashambulizi ya Kompyuta Viwandani: Mlinzi wa Getini Hatoshi

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 19 Machi 2019, kompyuta za kampuni ya Norsk Hydro ya Norway zilianza kujifunga moja baada ya nyingine. Kampuni hiyo, mojawapo ya wazalishaji wakubwa wa alumini duniani, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 35,000 katika nchi 40 hivi. Programu ovu iitwayo LockerGoga ilikuwa imeyageuza mafaili yake kuwa maandishi yasiyosomeka, na wahalifu wakadai malipo ndipo watoe ufunguo. Wafanyakazi waliofika asubuhi makao makuu mjini Oslo walikuta karatasi zimebandikwa milangoni, zikiwaonya wasiunganishe kompyuta yoyote na mtandao wa kampuni.

Hasara ilikuwa kubwa: katika nusu ya kwanza ya mwaka huo pekee ilipita kroner milioni 500. Hata hivyo kampuni ilikataa kuwalipa wahalifu, na uyeyushaji wa alumini haukusimama. Jambo hili la pili lastahili kutazamwa kwa makini na wanafunzi wa sayansi, maana aghalabu visa vya namna hii husimuliwa kama habari za wizi tu, fizikia yake ikasahauliwa.

Alumini hupatikana kwa kupitisha mkondo mkubwa wa umeme katika mchanganyiko ulioyeyuka, wenye joto la nyuzi 960 hivi za sentigredi. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, mchanganyiko huo huganda ndani ya vyungu vyake, na kuvirudisha vyungu hivyo kazini ni shughuli ndefu yenye gharama kubwa. Faili lililoharibiwa laweza kurudishwa kutoka katika nakala ya akiba. Chungu kilichoganda hakina nakala. Ofisi ikizimika, kazi husimama. Kiwanda kikizimika vibaya, mitambo huharibika na watu huweza kufa.

Norsk Hydro iliokolewa na jambo ambalo wauzaji wa programu za ulinzi hawapendi kulitaja: mitambo yake mingi iliweza kuendeshwa kwa mkono, na walikuwapo watu waliojua kuiendesha hivyo. Wastaafu waliokumbuka taratibu za zamani za karatasi walirudi kusaidia, na wafanyakazi wa ofisini wakaingia viwandani.

Si kila mahali palipokuwa na bahati hiyo. Idara ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia usalama wa kompyuta ilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2014 kwamba kiwanda kimoja cha chuma, ambacho haikukitaja jina, kilivamiwa kwa barua pepe za udanganyifu. Wavamizi walianzia ofisini, wakapenya hadi kwenye mitambo, na tanuri la kuyeyushia chuma likashindwa kuzimwa kwa utaratibu. Liliharibika vibaya.

Yawezekanaje barua iliyofunguliwa mezani pa karani ikafika kwenye tanuri? Mitambo ya kisasa huongozwa na vidhibiti, yaani kompyuta ndogo ngumu ambazo hufungua vali, huwasha mota na kupima joto. Vidhibiti hivyo vilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo vilizungumza na mitambo iliyo chumba kimoja navyo. Lugha ya Modbus, ambayo hadi leo hutumika katika viwanda vingi, ilitolewa mwaka 1979, na katika umbo lake la asili haina njia ya kuuliza, "Ni nani anayeniamuru?" Kila amri iliyoandikwa sawasawa hutiiwa. Lugha hiyo haikuwa na kosa lolote hadi pale wenye viwanda walipoyaunganisha mambo ya karakana na ya ofisi ili meneja aone hesabu za uzalishaji akiwa mezani pake.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kukata waya huo, basi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran hakikuwa kimeunganishwa na intaneti, lakini programu ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ilikuwa na uwezo wa kusafiri ndani ya vijiti vya kumbukumbu vya kuchomeka, vile vile ambavyo wanafunzi huvitumia kubebea picha na nyimbo. Mashine zilizopaswa kuzunguka mara 1,064 hivi kwa sekunde ziliamriwa zipande hadi 1,410, kisha zishuke karibu na kusimama. Wakati huo huo programu iliwaonyesha wasimamizi vipimo vilivyorekodiwa zamani, vya siku za heri. Wakatazama kioo, wakaona shwari.

Kwa sababu hiyo, anayetegemea kioo peke yake hana ulinzi. Hapana budi kila mtambo wenye hatari ubaki na kipimo cha sindano kisichopitia kompyuta, na swichi ya kuzimia ambayo mkono wa mtu waweza kuifikia. Kadhalika yafaa wafanyakazi wafanye zoezi, walau mara moja kwa mwaka, la kuendesha au kuzima mtambo pasipo kompyuta. Mameneja watalalamika kwamba zoezi hilo hula saa za uzalishaji. Na liwe hivyo; mazoezi ya moto nayo hula saa, wala hakuna anayetaka yafutwe.

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Sheria hizo zina kazi yake, lakini humfuata mhalifu baada ya tendo. Haziwezi kumfundisha fundi wa zamu vali ipi ifungwe kwanza. Hilo ni somo la karakana, na shule za ufundi zinazowafundisha vijana kuandika programu za vidhibiti bila kuwashikisha vali yenyewe zinawapa nusu ya elimu.

Limebaki suala la usiri. Kampuni nyingi zikishambuliwa hunyamaza kwa kuogopa aibu, na jirani mwenye vidhibiti vya aina ile ile hushambuliwa kwa hila ile ile. Norsk Hydro iliitisha mkutano na waandishi wa habari siku ile ile ya shambulio, ikaendelea kutoa taarifa za maendeleo yake. Baadaye ilijulikana kwamba wavamizi waliingia miezi kadhaa kabla, kwa barua pepe yenye sumu iliyotoka kwa mteja aliyeaminiwa.