Wazazi wa Watoto Wenye Ulemavu Wasiachwe Peke Yao

Kaptagat, nje kidogo ya mji wa Eldoret, imevuma kote ulimwenguni kwa sababu ya wanariadha. Huko ndiko alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge kabla ya kukimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, Austria, mnamo Oktoba 12, 2019. Siku hiyo wakimbiaji 41 walipokezana zamu kumkinga upepo na kumwekea kasi. Ikiwa bingwa wa Olimpiki aliwahitaji wenzake wote hao kwa muda usiotimia saa mbili, seuze mzazi anayemlea mtoto mwenye ulemavu usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka?

Twauliza hivyo kwa kuwa mzazi wa aina hiyo, huko Kaptagat na kwingineko nchini, mara nyingi huachwa peke yake. Mtoto asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni hata baada ya kupita umri wa kubebwa. Mahindi na viazi hungoja kupaliliwa, ng'ombe hungoja kukamwa, na mtoto hawezi kuachwa. Baba wengine huihama nyumba wakidai kuwa ukoo wao haujawahi kuzaa mtoto kama huyo, nao majirani hunong'ona habari za laana. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Si kwamba sheria imenyamaza. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na asiitwe kwa namna ya kumdhalilisha. Vituo vya kuwatathmini watoto hawa vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliundwa mwaka 1986 ili kuwafunza walimu wao. Aidha, mpango wa Inua Jamii umekuwa ukizipa familia zenye watu wenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi.

Hata hivyo, mzazi asiyejua mahali pa kuanzia hawezi kudai haki hizo. Nauli ya kumfikisha mtoto mjini, pamoja na kibarua anachokikosa siku hiyo, humfanya aahirishe safari mara kwa mara, hadi mtoto apitwe na miaka ambayo msaada ungemfaa zaidi.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Katika vijiji vingi, mtumishi wa umma aliye karibu zaidi na mzazi ni yeye. Ndiye anayegundua kwamba msichana fulani hukosa shule kila siku ya soko, na akiuliza huambiwa kuwa msichana huyo hubaki nyumbani kumtunza nduguye. Basi nyumba moja imepoteza wanafunzi wawili, ilhali daftari la mahudhurio linaonyesha mmoja tu.

Mwalimu akifunga safari hadi nyumbani humo, anaweza kumwelekeza mzazi kwenye kituo cha tathmini na kumweleza jinsi ya kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwalimu mkuu naye anaweza kuwaita wazazi wa watoto kama hao shuleni angalau mara moja kila muhula, wajuane, wapeane mawaidha na hata kupokezana zamu za ulezi. Aibu hupungua mzazi anapoona kuwa yaliyomfika yamewafika na wengine.

Tunajua walimu watasema kwamba madarasa yamefurika na kwamba wengi wao hawakufunzwa elimu maalumu. Malalamiko hayo ni ya haki. Serikali haina budi kuyasikiliza na kuwapeleka maafisa wa tathmini vijijini, badala ya kungoja mama ambebe mtoto hadi mjini. Lakini kumtembelea mzazi na kumhakikishia kwamba mtoto wake si mkosi hakuhitaji stashahada.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Yaacheni majina ya kejeli, kwani hujafa hujaumbika. Mwenzenu akibaki nyumbani kwa ajili ya ndugu mwenye ulemavu, mpelekeeni masomo aliyoyakosa, na mkifika huko mcheze na nduguye pia. Saa moja ya mchezo wenu ni saa moja ya mapumziko kwa mama aliyeamka kabla ya jogoo.

Mzazi huyo hatuombi machozi. Kinachomfaa ni mkono wa pili, kwani wahenga walikwisha kunena kuwa mkono mmoja haulei mwana.