Manowari Hazimtishi Aliyekwisha Kuamua

Imeenea imani kwamba taifa likisogeza manowari zake karibu na mpinzani wakati wa mvutano, mpinzani huyo ataogopa na kurudi nyuma. Wanazuoni wa mikakati huiita mbinu hiyo uzuiaji kwa vitisho, yaani kumzuia mtu asishambulie kwa kumwonyesha mapema hasara itakayompata. Imani hiyo haina mizizi, na vita vya Pasifiki viliiumbua.

Mwezi Mei 1940 Rais Roosevelt aliagiza manowari za Marekani zilizokuwa mazoezini zibaki Pearl Harbor, Hawaii, badala ya kurejea California, ili Japani izione na kujizuia. Admirali James Richardson, kamanda wa manowari hizo, alipinga kwa hoja kwamba meli hizo hazikuwa tayari kwa vita, na mapema mwaka 1941 akaondolewa madarakani. Mjuzi wa bahari alinyamazishwa na wajuzi wa siasa. Uingereza nayo, kwa msukumo wa Waziri Mkuu Churchill, ilizipeleka Singapore manowari Prince of Wales na Repulse, ambazo zilifika tarehe 2 Desemba 1941 bila meli ya kubebea ndege za kuzilinda, na ujio huo ukatangazwa, kwa kuwa tishio lisilojulikana halimtishi mtu. Tarehe 7 Desemba Pearl Harbor ilishambuliwa; tarehe 10 ndege za Japani zikazizamisha manowari zote mbili karibu na Malaya, wakafa watu 840.

Japani, iliyokuwa imenyimwa mafuta tangu katikati ya mwaka huo na kuyataka ya Indonesia ya leo, haikuziona meli hizo kuwa onyo bali kizuizi cha kuondolewa kwanza. Japani ilipoishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, manowari za Uingereza zilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa, zikitafuta usalama.

Watetezi wa mbinu hii hutaja Machi 1996, Marekani ilipopeleka makundi mawili ya meli za kubebea ndege karibu na Taiwan ili kuionya China. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba China ilikusudia kuivamia Taiwan wakati huo, na asiyekusudia kupiga hawezi kuhesabiwa kuwa amezuiwa. Lililo dhahiri ni kwamba baada ya tukio hilo China iliongeza kasi ya kuunda jeshi la majini, ambalo leo lina meli za kivita nyingi kuliko za Marekani.