Tusiichuje Kelele Kabla ya Kuipima

Mwanafunzi wa fizikia wa huku kwetu, awe Ukata, Mbinga mjini au Mbamba Bay, hufundishwa kuusoma mkondo wa umeme kama namba moja, na chochote kinachoitikisa namba hiyo hukiita kosa la kipimo. Toleo hili limekusanya makala zenye msimamo tofauti. Elektroni zinapopenya kizuizi chembamba ndani ya semikondakta, kizuizi ambacho kwa fizikia ya Newton zisingekivuka, mtikisiko wa mkondo hueleza mambo ambayo wastani wake hauwezi kuyaeleza hata tungeupima kwa usahihi wa namna gani. Anayeichuja kelele mapema anatupa nusu ya jibu.

Ushahidi ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1918 Walter Schottky alionyesha kwamba, kwa kuwa mkondo ni chembe zinazofika moja moja bila mpangilio, ukali wa kelele yake unategemea mkondo wenyewe na chaji ya kila chembe. Kwa hiyo kupima kelele ni kuipima chaji. Mwaka 1997 makundi mawili, moja la Taasisi ya Weizmann huko Israel na jingine la Saclay, Ufaransa, yalitumia njia hiyo katika tabaka za galiamu asenaidi zilizowekwa kwenye baridi kali na sumaku kubwa, yakakuta mkondo unabebwa na chaji ya theluthi moja ya elektroni. Namba ya ammita peke yake isingewaambia hivyo. Kwenye daiodi yenye vizuizi viwili, jambo jingine hujitokeza. Nafasi iliyo katikati ya vizuizi ni finyu, na elektroni iliyomo humzuia mwenzake kuingia, kama abiria wa meli pale Mbamba Bay wanaopanda kwa ngazi nyembamba: wa mbele asipofika juu, wa nyuma hasogei, na vishindo vya miguu hujipanga vyenyewe. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1990 vilionyesha kelele ikipungua chini ya kiwango cha Schottky, na nadharia inasema vizuizi vikilingana hushuka hadi nusu.

Wapo wanaosema nusu hiyo haithibitishi ukwanta wowote, na hapa wana hoja ya kweli. Elektroni inayotua katikati na kusahau ilikotoka nayo hutoa nusu ileile, sawa na ile inayopita kama wimbi moja. Nakubali: kelele haitofautishi njia hizo mbili. Lakini inachotuambia bado ni kikubwa, kwamba elektroni zinasubiriana, tena kinyume chake pia: volti ikipandishwa hadi pale mkondo unapoanza kupungua, kelele huvuka kiwango cha Schottky, kwa sababu kila inayoingia huirahisishia njia inayofuata.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini: haya ni mambo ya wenye heliamu ya kimiminika na maabara za mabilioni. Kwa chaji ya theluthi, ndiyo. Kwa sheria ya Schottky, hapana. Fotodiodi, betri ya volti 9, resista ya kiloomu 100, balbu ya waya inayowashwa kwa betri na amplifaya nzuri, vyote ndani ya kopo la bati lililofungwa, vinatosha. Mkondo wa maikroampea 10, katika upana wa masafa wa hetsi 10,000, hutoa kelele ya takriban maikrovolti 18 juu ya resista hiyo, wakati joto la resista yenyewe huchangia kama 4 tu. Adui mkubwa wa kipimo hiki ni mvumo wa hetsi 50 wa nyaya za umeme, kwa hiyo kijiji ambacho nguzo hazijakifikia kina utulivu ambao maabara za mijini huugharamia. Chora mraba wa kelele dhidi ya mkondo. Mwinuko wa mstari utakupa chaji ya elektroni, kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹. Fotodiodi haihusiki na kupenya vizuizi, ni kweli. Ila aliyekwisha kuisikiliza kwa makini anaweza kusonga mbele, aunde mzunguko wenye daiodi ya aina aliyoigundua Leo Esaki mwaka 1957, ambayo hupenyeza elektroni kwenye joto la kawaida la chumba, kisha aanze kupima upya.